Ileamu ya Simbilisi, Tumbo la Panya au Utumbo wa Sungura: Kipi Kinafaa Kuchunguzia Neva za Tumbo na Dawa?

Mkoani Tanga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani, majani ya mpera huchemshwa na maji yake kunywewa mtu anapoharisha. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi wa famasia, wa baiolojia au wa tiba asili hutamani kuyafikisha majani hayo maabara, pamoja na mizizi na magome aliyoonyeshwa na waganga wa Muheza au Lushoto, ili aone yanafanya nini hasa ndani ya tumbo. Swali lake la kwanza huwa ni la vifaa, na la pili huwa ni la mnyama. Kwa maoni yangu, maswali hayo mawili yanapaswa kutanguliwa na jingine: je, anataka kujua kinachotokea kwenye msuli, kwenye neva zilizofumwa ndani ya ukuta wa tumbo, au kwenye neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo? Asiyejiuliza hivyo mapema huishia kuchagua kiungo kinachocheza vizuri mbele ya macho yake, kisha akakosa la kuandika kuhusu neva.

Kazi yote ya viungo vilivyotolewa mwilini inawezekana kwa sababu njia ya chakula ina neva zake yenyewe. Kati ya tabaka mbili za misuli laini umetandazwa mtandao wa Auerbach, na chini ya utando wa ndani uko mtandao wa Meissner, na mitandao hiyo haifi papo hapo utumbo unapokatwa. Mwaka 1904 Rudolf Magnus alionyesha kwamba kipande cha utumbo wa mnyama, kikitunzwa katika maji ya chumvi yenye vuguvugu na oksijeni, huendelea kujikaza na kulegea chenyewe kwa muda mrefu. Bafu la ogani la leo halijaenda mbali na hapo. Ni bomba la kioo la mililita 10 hadi 25 lililozungukwa na maji ya nyuzi 37, kipande kimefungwa uzi chini na juu, na uzi wa juu umeunganishwa na kihisi kinachoandika mkazo kwenye kompyuta, pale ambapo zamani palikuwa na pipa la kimografu lenye karatasi iliyopakwa masizi.

Ileamu ya simbilisi

Ileamu ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Hiki ndicho kipande kilichozoeleka kuliko vyote, na sababu yake huonekana mapema: hutulia. Mstari wa mkazo hukaa chini karibu umenyooka, hivyo dawa ikitiwa na kipande kikajikaza, hakuna ubishi kuhusu kilichosababisha. Hujibu kwa nguvu asetilikolini, kemikali ambayo neva humwaga ili kuukaza msuli, na histamini, kemikali ya mzio, kisha hurudi kwenye mstari wake mara kikisuuzwa, jambo linalomruhusu mtafiti kupima dozi nyingi mfululizo, moja kila baada ya dakika 3 hadi 5, na kuchora mchoro kamili wa dozi na mwitikio ndani ya asubuhi moja.

Kukitayarisha kunataka mkono mtulivu kuliko kunavyotaka fedha. Sentimita 10 hivi zinazopakana na utumbo mpana huachwa, kwa kuwa tabia yake ni tofauti na ya sehemu iliyotangulia. Kinachobaki hukatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3. Mabaki ya chakula husukumwa nje kwa maji ya chumvi yaitwayo Tyrode yanayotiririka taratibu kutoka kwenye pipeti, wala si kwa kuminya kwa vidole, maana kuminya huumiza mtandao wa neva ambao ndio unaotafutwa. Sindano hupitishwa kwenye upande mmoja tu wa ukuta katika kila ncha, ili uzi usizibe tundu la utumbo, kisha kipande huning'inizwa kwa mvuto wa gramu 0.5 hadi 1 na kuachwa kizoee kwa nusu saa au zaidi. Anayeharakisha hatua hii hupata mstari unaopanda na kushuka, halafu akailaumu dawa.

Kwa mtu wa neva, thamani ya ileamu ilikua zaidi mwaka 1955, William Paton alipoichochea kwa umeme kupitia elektrodi moja iliyowekwa ndani ya tundu na nyingine nje ya ukuta. Umeme mfupi, wa chini ya milisekunde 1, huamsha neva bila kuamsha msuli moja kwa moja. Ukipigwa mara moja kila baada ya sekunde 10, kila pigo huleta mkazo mmoja mdogo, mkali na unaofanana na uliotangulia. Mkazo huo huzimwa na tetrodotoksini, sumu ya samaki bunju inayozuia neva kupitisha ishara, na huzimwa pia na atropini, dawa inayozuia asetilikolini isiukaze msuli, jambo linaloonyesha kwamba neva zilikuwa zikimwaga asetilikolini. Mofini hupunguza mikazo hiyo ya umeme ilhali asetilikolini inayotiwa kutoka nje huendelea kukikaza kipande. Kwa maneno mengine, mofini huibana neva isimwage, haiuzuii msuli usijibu. Ni kwa kipande hiki, pamoja na mrija wa manii wa panya mdogo, kwamba Hughes na Kosterlitz waliitambua enkefalini mwaka 1975, afyuni ambayo mwili hujitengenezea.

Turudi kwenye majani ya mpera. Tuseme mchujo wake umetiwa kwenye bafu wakati umeme unaendelea kupiga. Mikazo ya umeme ikipungua, lakini asetilikolini ya kutiwa ikabaki na nguvu zake, basi mchujo umegusa neva. Asetilikolini ikizuiwa na histamini isizuiwe, shaka inaelekea kwenye vipokezi vya maskarini, yaani mahali panapokaliwa na atropini na haiosini zinazouzwa madukani kwa ajili ya msokoto wa tumbo. Vyote vikizuiwa, pamoja na mkazo unaoletwa na kloridi ya potasiamu, aliyeguswa ni msuli wenyewe, na njia ambazo kalsiamu hupitia kuingia kwenye msuli ndizo za kushukiwa kwanza. Kwa upande wa majani ya mpera, tafiti zilizofanywa kwa ileamu hii ziliielekeza shaka kwa kwersetini iliyomo ndani yake, kwamba hupunguza asetilikolini inayomwagwa na neva. Sifahamu kipande kingine kinachotoa majibu ya namna hii kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Kasoro yake ni moja, na ni kubwa: si tumbo. Ileamu kazi yake ni kusukuma; tumbo lina kazi ya kusukuma na pia ya kupokea, yaani kulegea ili chakula kipate nafasi. Dawa inayofaa kwa kichefuchefu au kwa tumbo kujaa upesi haiwezi kuhukumiwa kwa ileamu peke yake.

Ukanda wa fandasi ya panya

Panya mweupe mkubwa wa maabara ana mfuko wa tumbo wenye sehemu mbili zinazotofautika kwa macho: ya juu ni nyembamba ya ukuta, ya rangi ya kijivu na haina tezi, na ya chini ni nene, nyekundu na yenye tezi. Sehemu hiyo ya juu, fandasi, ndiyo aliyoitumia John Vane mwaka 1957. Mfuko hupasuliwa na kusuuzwa, kisha ukuta hukatwa kwa zamu kutoka upande huu na upande ule bila kufikisha mkasi mwisho, na unapovutwa hujinyoosha kuwa ukanda mrefu. Vane aliutafutia ukanda huo kazi ya kupima serotonini, na hadi leo ni miongoni mwa vipande vyenye hisia kali kwa kemikali hiyo. Kipokezi chake kilipokuja kutambuliwa kwa jeni mwanzoni mwa miaka ya 1990, kilipewa jina la 5-HT2B (5-HT ni kifupi cha serotonini).

Mtu aliyezoea ileamu huchoshwa na fandasi. Hujikaza polepole, hulegea polepole zaidi, na baada ya kusuuzwa hulazimu uzito uongezwe kidogo ili uvutwe mpaka urudi kwenye urefu wake. Dozi ambazo ileamu ingezimaliza asubuhi, fandasi huzimaliza baada ya adhuhuri. Isitoshe, haijali sana histamini, hivyo anayetafuta dawa za kuzuia histamini asipoteze muda hapo.

Hata hivyo, uvivu huo ndio unaoifanya ifae kwa neva za tumbo. Fandasi hushikilia mkazo, na panapokuwa na mkazo ndipo kulegea kunapoonekana. Mpangilio unaotumika ni huu: atropini hutiwa ili kuondoa kazi ya asetilikolini, guanethidini hutiwa ili kuondoa ya noradrenalini, kemikali nyingine ya neva, ukanda hukazwa kwa serotonini, ndipo umeme hupigwa. Badala ya kujikaza, ukanda hulegea. Neva zinazofanya hivyo si za asetilikolini wala za noradrenalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya kazi yao hufanywa na naitriki oksaidi, kwa kuwa dawa zinazozuia kutengenezwa kwake, kama L-NAME, hupunguza kulegea huko. Umeme ukipigwa kwa kasi na kwa muda mrefu, peptidi iitwayo VIP nayo hushiriki, na kulegea hukawia kwisha.

Mtafiti wa mitishamba anayedai kwamba dawa yake "hufungua tumbo" au humwezesha mgonjwa kula tena anapaswa kufika hapa. Ninapoona mchujo umepimwa kwa utumbo wa sungura peke yake, halafu ukatangazwa kuwa tiba ya tumbo, huwa naiwekea taarifa hiyo alama ya kuuliza. Lakini fandasi nayo isitukuzwe kupita kiasi. Ile sehemu isiyo na tezi haina mfano wake kwa binadamu, na panya hana uwezo wa kutapika, hivyo mambo ya kichefuchefu hayasomeki kwake kwa njia rahisi.

Tumbo zima pamoja na neva vagasi

Hapa mfuko wote hutolewa pamoja na kipande cha umio, kwa sababu matawi mawili ya neva vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo, hushuka yakiwa yamegandamana na umio. Ncha moja ya mfuko hufungwa, mrija hutiwa kwenye nyingine, na kinachopimwa ni shinikizo au ujazo wa ndani, huku elektrodi zikiwa zimezungushwa kwenye umio. Mwaka 1963 Paton na Vane walichapisha uchambuzi wa matumbo ya namna hii ya wanyama mbalimbali, wakilinganisha umeme uliopigwa kwenye vagasi na ule uliopigwa kupitia ukuta wenyewe.

Faida yake iko katika ulinganisho huo. Heksamethoni, inayozuia ishara kuvuka kwenye vituo vya neva, huzima jibu la vagasi, ilhali jibu la umeme wa ukutani huwa limebaki kwa sehemu kubwa, kwa kuwa neva za mwisho huamshwa moja kwa moja bila kupitia kituoni. Dawa inayozima la kwanza na kuliacha la pili imejionyesha mahali inapofanyia kazi, na hakuna ukanda wala kipande cha ileamu kinachoweza kusema hivyo. Jingine ni kwamba vagasi si neva ya kukaza tu. Langley aliona tangu mwaka 1898 kwamba baada ya atropini kutiwa, kuichochea vagasi hulegeza tumbo. Ndani ya waya mmoja zimo amri mbili zinazopingana, na tumbo zima ndilo linaloziweka wazi.

Gharama yake ni ustadi. Neva hukatika kwa uzembe mdogo wa mkasi, hukauka ikiachwa hewani, na mnyama mmoja hutoa jaribio moja. Ikiwa swali halitaji vagasi, sioni sababu ya mtu kujitesa nalo.

Jejunamu ya sungura

Kwa kufundishia, jejunamu, yaani sehemu ya kati ya utumbo mwembamba, haina mpinzani. Hucheza yenyewe mara 10 hadi 15 hivi kwa dakika, na darasa zima huona adrenalini ikiizimisha na asetilikolini ikiinyanyua. Mwaka 1930 Finkleman aliitumia pamoja na neva za huruma, zile zinazomwaga noradrenalini, zilizomo kwenye utando unaoshikilia utumbo, akaonyesha kwamba maji yaliyopita kwenye kipande kilichochochewa yalikizuia kipande cha pili. Anayechunguza neva za noradrenalini atafute hapo. Anayepima mchujo wa majani ajue kwamba mchezo kupungua kunaweza kutokana na sababu nyingi mno, na kwamba bila umeme na bila dawa za kuzuia hawezi kutofautisha neva na msuli. Sungura wana jambo jingine la pekee: baadhi yao wana kimeng'enya cha kuvunja atropini, na ndiyo sababu wengine hula majani yenye sumu hiyo wasidhurike.

Cha machinjioni

Wapo wanaouliza kama hawawezi kupita machinjioni alfajiri wakachukua utumbo wa mbuzi au wa kuku, bila kumchinja mnyama yeyote kwa ajili ya jaribio. Wazo hilo ni zuri, na kwa mazoezi ya wanafunzi ningelipendekeza kabla ya mengine. Utumbo wa kuku hujibu asetilikolini vizuri, na kuku hawakosekani Ngamiani. Kwa mbuzi, ikumbukwe kwamba ana matumbo manne, na ni lile la nne tu lenye tezi za asidi linalokaribiana na la kwetu. Matatu ya kwanza ni ya kuchachushia majani. Kinachopimwa hapa ni mwendo wa ukuta, si asidi. Kipande kiingizwe kwenye maji ya chumvi yaitwayo Krebs, yenye barafu, mara kinapotoka, kwa sababu joto la Tanga wakati wa kaskazi huua neva mapema kuliko linavyouua msuli. Kipande kitakachofika maabara kikiwa bado kinajikaza kwa asetilikolini lakini hakijibu umeme kimekufa nusu, na nusu iliyokufa ndiyo uliyokuwa ukiihitaji.

Maji, hewa na umeme wa kwetu

Uchaguzi wa kiungo huamuliwa pia na maji yatakayokilisha. Maji ya Tyrode hubeba, kwa kila lita, gramu 8 za chumvi ya kawaida, gramu 0.2 za kloridi ya potasiamu, gramu 0.2 za kloridi ya kalsiamu, gramu 0.1 za kloridi ya magnesi, gramu 1 ya bikaboneti ya sodiamu, gramu 0.05 za fosfeti ya sodiamu na gramu 1 ya glukosi. Huvumilia kupuliziwa hewa ya kawaida, hivyo ileamu na jejunamu huweza kuendeshwa kwa pampu ndogo ya tangi la samaki wa mapambo. Maji ya Krebs yana bikaboneti maradufu na hudai gesi ya oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5. Yakikosa gesi hiyo hugeuka kuwa na alkali na kipande huharibika. Fandasi na tumbo zima huendeshwa zaidi kwa Krebs, kwa hiyo anayezichagua aandae mtungi wa gesi mapema.

Kalsiamu hutiwa mwisho kabisa, baada ya chumvi nyingine kuyeyuka, la sivyo maji hugeuka maziwa. Pwani kuna tahadhari ya ziada: kloridi ya kalsiamu hunyonya unyevu wa hewa, na chupa iliyofunguliwa mara kwa mara katika hewa ya Tanga humpa mpimaji maji anayodhani ni chumvi. Afadhali kutengeneza mara moja mchanganyiko mkali uliopimwa vizuri, kisha kuchota kwa ujazo. Maji yenye glukosi nayo hayalali. Hutengenezwa siku ile ile. Umeme ukikatika, bafu hupoa, na mkazo wa kipande hubadilika pamoja nalo, hivyo betri ya akiba iunganishwe na kipasha maji pamoja na pampu, isiunganishwe na kompyuta peke yake.

Mchujo wa mimea una hila zake katika kila kiungo. Majani huwa na potasiamu nyingi, na potasiamu pekee hukaza msuli laini. Tanini hugandisha protini za kipande kiasi kwamba hakijibu tena hata baada ya kusuuzwa. Na pombe iliyotumika kuchuja hulegeza. Kwa sababu hiyo, kila jaribio la mchujo lifuatwe na jaribio la kiyeyushi kitupu, na jingine la maji yenye potasiamu ya kiasi kile kile kilichomo kwenye majani. Ujazo unaotiwa usizidi sehemu 1 kati ya 50 za bafu.

Nani achague kipi

Mwenye mchujo mpya na maswali mengi aanze na ileamu ya simbilisi yenye umeme. Mwenye dai linalohusu tumbo lenyewe, hasa kulegea kwake, aende kwenye fandasi ya panya baada ya ileamu, na asiiruke ileamu. Tumbo zima pamoja na vagasi aachiwe mwenye swali la vagasi na mkono uliokwisha kuzoea kazi hiyo. Mwalimu achukue utumbo wa kuku wa machinjioni, na jejunamu ya sungura kama ipo.

Kibali nacho kisingoje mwisho. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inahusu pia wanyama wa utafiti, na kamati ya maadili ya taasisi itauliza idadi ya wanyama kabla ya kuuliza jingine. Hapa simbilisi anawazidi wenzake: mmoja hutoa vipande vya ileamu vya kujaza mabafu manne na kubaki, na mfuko wake wa tumbo unaweza kukatwa kanda za fandasi siku hiyo hiyo. Mpango wa siku uandikwe kwa namna hiyo, mabafu yote yakiwa tayari na yenye joto kabla mnyama hajaletwa mezani.